Bahari ukutani, vumbi la karasha kifuani

*Kanda ya dhahabu ina njia nyingi za kupoteza mawazo, na nyingi huuzwa kwa glasi. Rangi na penseli ni njia ya zamani zaidi, tena ya bei nafuu. Je, inamsaidia mtu au inamdanganya?*

DIDIA, Shinyanga. Ukuta wa nyuma wa baa umechorwa bahari. Minazi miwili imeinamia maji, jahazi limetweka tanga, jua la rangi ya chungwa linazama, na mbele ya yote hayo kreti za bia zimepangwa hadi usawa wa mawimbi. Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni siku nzima ndani ya basi. Nje kuna mbuga kavu, ng'ombe, majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na lami inayotoka Shinyanga mjini kwenda Tinde. Pale Tinde njia hugawanyika: kulia Kahama na machimbo, kushoto Nzega na safari ndefu ya Dodoma.

Hakuna anayeishangaa bahari hiyo. Zunguka Maganzo, Kakola, Nyarugusu au Katoro, utaikuta tena na tena kwenye kuta za baa, saluni na nyumba za kulala wageni. Pengine ni maporomoko ya maji, au nyumba ya paa jekundu chini ya mlima wenye theluji. Aliyeichora ni fundi yuleyule anayechora kichwa kilichonyolewa mlangoni kwa kinyozi na ng'ombe mnene kwenye mlango wa bucha. Analipwa kwa ukuta, na mara nyingi jina lake halimo kwenye kazi yake.

Watu wanaokaa mbele ya bahari hiyo jioni wana mawazo, kwa maana ile ya mtaani: deni, shimo lililomeza mtaji, familia iliyobaki kijijini bila habari. Na mwenye mawazo hutafuta pa kuyapotezea. Kuna gongo, kuna bangi, kuna mkeka wa kubeti, kuna banda la video, na siku hizi kuna simu isiyozimwa hadi saa nane usiku. Picha nayo ni njia mojawapo ya kutoroka. Tumezoea kuiona kama pambo tu, kwa hiyo hatuiulizi maswali.

Kazi isiyo na msimu

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, na kwa miongo kadhaa mgodi ule ndio ulioitangaza Shinyanga duniani. Baadaye dhahabu ikaifunika. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na pembeni mwa mitambo ya kampuni wakajaa wachimbaji wadogo: Mgusu, Rwamgasa, Nyarugusu, na huku Shinyanga vijijini, Mwakitolyo. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 mkoani Geita na zaidi ya milioni 2.2 Shinyanga.

Mchimbaji wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anashuka kwa kamba, anapenya katikati ya matimba, magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, anachimba, na ujira wake ni mgawo wa viroba vya mawe ambavyo hakuna ajuaye thamani yake mpaka vipite kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kuoshwa mwaloni. Anaweza kukaa miezi akipata hela ya chumvi tu, kisha wiki moja akapata ya kununua pikipiki. Mkulima naye hukosa, lakini mkulima huliona wingu kabla ya mvua.

Juu ya hayo kuna kifusi. Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama. Katikati ya Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, siku ambazo waliishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Januari 2017, mkoani Geita, wachimbaji 15 waliokolewa katika mgodi wa RZ baada ya siku tatu gizani. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, Shinyanga, ambako zaidi ya watu 20 walifukiwa. Dunia nzima ilisoma walichokula wale wa Nyangarata. Usingizi wao wa miezi iliyofuata haukuwa habari.

Wasukuma wa jembe walikuwa na kalenda ya kutoroka. Mavuno yakishaingia ghalani, Bagika na Bagalu, jamii mbili za ngoma zinazojinasibu na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, hukutana uwanjani kushindana. Kila upande hutafuta cha kuwavuta watazamaji wahamie kwake: mavazi, nyoka hai, vichekesho, vinyago vya mbao vya kimo cha mtu vyenye mikono inayochezeshwa. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, yaliyoanzishwa na padre Mkanada David Clement, yamehifadhi vifaa vya ngoma hizo. Ni sanaa ya macho kabla ya kuwa ya masikio, na kazi yake haikufichwa: watu wasahau. Walisahau kweli, wiki kadhaa. Kisha mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya, na kila mtu akajua kwamba jembe linamngoja.

Machimboni hakuna mavuno yanayokwisha. Karasha husaga usiku na mchana, Krismasi na Idi, na baa hukesha nalo. Mtu anaweza kutoroka Jumatatu asirudi mpaka hela imwishie. Nadhani hapo ndipo penye kidonda. Watu wamekuwa wakitoroka tangu zamani, ila huku kwenye dhahabu kutoroka kumekosa tarehe ya kurudi.

> Wakulima walikuwa na kalenda ya kutoroka. Machimboni hakuna mavuno yanayokwisha, na kutoroka kumekosa tarehe ya kurudi.

Nyoka wa Wayeye

Kuna wanaodhani kwamba picha za ukutani ni jambo lililoletwa na bia. Sivyo. Mwaka 1953 Faber and Faber wa London walichapisha kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu kinahusu michoro ya kuta za ndani za nyumba za Wayeye, chama cha mafundi wa nyoka katika Usukuma. Humo ndimo wanachama wapya walimofundishwa. Kutani walikuwamo nyoka, watu na viumbe wa visa vya chama.

Fikiria maana yake. Katika nchi ambamo kifutu hulala njiani na swila huingia jikoni, watu walimchora nyoka ukutani, wakaketi chini yake, wakajifunza dawa ya sumu yake, kisha wakatoka kwenda porini aliko nyoka mwenyewe. Chumba kile kilikuwa mbali na dunia, kimefungwa, cha siri. Ukipenda kiite maficho. Lakini aliyeingia mle hakutoka kama alivyoingia.

Sidai kwamba Wayeye walikuwa washauri nasaha wa enzi zao. Ninachosema ni kwamba hapa Usukumani picha iliwahi kupewa kazi nzito kuliko kushikilia kreti, na kazi hiyo ilihusu hofu.

Nguva wa wachimba shaba

Kisa kinachofanana zaidi na bahari ya baa ya Didia kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga, ambako wachimbaji nao huzungumza Kiswahili. Miaka ya 1960 na 1970, mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilikuwa na wachoraji wasiohesabika waliouza kazi zao kwa bei ya mtu wa kawaida. Wateja hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyakazi wa migodi ya shaba, wa reli, makarani na wenye maduka, waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizifuatilia picha hizo na kukuta mada chache zikijirudia nyumba hadi nyumba.

Mada mojawapo ni mamba muntu, nguva wa Katanga: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, ameketi ukingoni mwa maji, mara nyingi akiwa na nyoka. Simulizi husema mwanamume anayepata unywele wake anaweza kupewa utajiri, kwa sharti la kutunza siri. Mada nyingine huitwa *Colonie belge*: ua wa gereza la enzi ya Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko na askari Mwafrika, mzungu amesimama anatazama. Picha kama hiyo watu waliiita ukumbusho.

Ndiyo kusema mtaa mmoja wa wachimbaji ulitundika ndoto na jeraha kwa pamoja. Baba aliyetoka zamu alikuwa na mahali pa kukimbilia, na alikuwa pia na mahali pasipomruhusu kukimbia. Hakuna daktari aliyewaandikia mchanganyiko huo. Waliuchagua wenyewe na kuulipia kutoka kwenye mshahara.

Mchoraji mmoja wa huko, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947, alichoka kuchora kilichouzika tu. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian zaidi ya picha 100, historia nzima ya nchi yake, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akizifafanua moja moja kwa Kiswahili. Alijiita mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikapotea, na hadi leo hakuna anayesema kwa yakini alikoishia.

Ndoto ya nguva ina upande wa giza ambao Kanda ya Ziwa inaujua kuliko wengi. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Shinyanga, Geita na Mwanza, na watafiti waliofuatilia mauaji hayo walionyesha uhusiano wake na soko la dawa za bahati kwa wachimbaji na wavuvi. Picha ya nguva haijaua mtu. Lakini ndoto iliyomo, utajiri wa ghafla kwa masharti ya siri, tumeiona ikitembea usiku na panga mkononi.

Uchore maumivu, au uchore nyumba?

Siku hizi zipo warsha za vijana ambamo mwezeshaji hugawa karatasi na kalamu za rangi, kisha huwaambia washiriki wachore jambo lililowaumiza. Imani ni kwamba donda lililochorwa limetumbuliwa. Wanasanaa wengi huiunga mkono kwa sababu zao: sanaa inayokwepa ukweli, husema, ni uongo uliopakwa rangi. Kwa hoja hiyohiyo baadhi ya wasomi wamekuwa wakiidharau Tingatinga, chui wenye madoa mazuri na ndege wasiojua njaa, wakiiita sanaa ya uwanja wa ndege.

Hapa lazima tumtendee haki mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani, na mwishoni alikuwa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora karibu mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za madukani, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mtu aliyetumia mchana wodini miongoni mwa wagonjwa, kisha jioni akachora twiga, hahitaji kufundishwa na yeyote kwamba dunia ina maumivu.

Utafiti nao unamuunga mkono zaidi kuliko unavyoiunga mkono warsha. Wanasaikolojia wa Marekani Jennifer Drake na Ellen Winner walifanya majaribio kadhaa kuhusu swali hili. Katika moja, lililochapishwa 2013, watoto wa miaka 6 hadi 12 waliombwa wakumbuke jambo lililowavunja moyo. Baadhi wakaambiwa walichore jambo hilo, wengine wachore nyumba tu. Waliochora nyumba walichangamka zaidi. Kwa watu wazima mambo yalielekea hukohuko: kuchora kitu kingine kabisa kuliinua moyo kuliko kuchora huzuni yenyewe.

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika walivyotaka, na kupima mate yao kabla na baada. Homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka kwa takriban robo tatu yao. Aliyewahi kusoma sanaa na asiyewahi kushika brashi hawakutofautiana. Lakini wapo ambao ilipanda, na jambo hilo hupenda kuachwa na wanaoinukuu kazi hiyo.

Hata neno tiba lilipoanza kuambatana na uchoraji, lilianzia katika kutoroka. Mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill alikuwa kitandani kwa kifua kikuu alipoanza kuchora ili siku zipite, akawavuta wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa shughuli hiyo jina la tiba ya sanaa. Hakuwa na nadharia. Alikuwa na kuta za wodi na muda mwingi.

Aliyeichambua vizuri zaidi hali hii, kwangu mimi, ni Frode Stenseng wa Norway. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitenganisha aina mbili za kutoroka. Kuna anayetoroka ili asijisikie, azime kila kitu. Kuna anayetoroka ili apate kitu: furaha, ujuzi, upande wa nafsi yake ambao kazi haimpi nafasi ya kuuona. Kwa nje wawili hawa hufanana, wanaweza hata kukaa baa moja. Matokeo ndiyo hutofautiana, kwa kuwa wa kwanza huelekea kudhoofika na wa pili huelekea kupata nguvu.

> Aliyetumia mchana wodini, kisha jioni akachora twiga, hahitaji kufundishwa kwamba dunia ina maumivu.

Upande wa pili una hoja, tena si ndogo. Majaribio ya Drake na Winner yalipima moyo wa mtu muda mfupi baada ya kuchora. Anayeliona timba likivunjika kila akifumba macho, mwaka wa tatu sasa, hatapona kwa kuchora nyumba. Kiwewe cha namna hiyo kinahitaji mtu aliyesomea kumsindikiza kulitazama tukio polepole, na picha inaweza kuwa chombo cha safari hiyo. Kinachonikera ni haraka ya warsha ya siku mbili: kumfungua kijana kidonda saa nne asubuhi, kumpa soda na nauli saa kumi jioni, na kuondoka na picha zake kwa ajili ya ripoti.

Na kuna maoni ya mtaa, ambayo hayaandikiwi vitabu: mwanamume mzima anayekaa kuchora amepungukiwa. Kenya walilijibu hilo kwa ucheshi. Mwalimu mmoja aliyeacha chaki ili achore alisikia watu wakisema amerukwa na akili, akajibandika jina la Sane, yaani mwenye akili timamu. Leo Sane Wadu ni miongoni mwa wachoraji wanaoheshimiwa sana nchini humo, na mwaka 2022 Nairobi ilimfanyia onyesho kubwa la kazi za maisha yake.

Mkono unaotetemeka

Mwaka 2003 penseli iliingia Rwamgasa, Geita, kwa kazi nyingine. Madaktari walikuwa wakipima athari za zebaki kwa wachimbaji. Pamoja na damu, mkojo na nywele, waliwapa watu karatasi: chora mstari bila kugusa kingo, gonga nukta kwa penseli kwa haraka uwezavyo. Kati ya wachomaji wa dhahabu waliopimwa, takriban robo walionekana kuwa na sumu sugu ya zebaki mwilini.

Mvuke wa zebaki hushambulia mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, na mtu mpole huwa mwepesi wa hasira. Mkewe atasema amebadilika, jirani atasema amerogwa, na mwezeshaji wa warsha anaweza kusema ana msongo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini uchomaji jikoni haujakoma kwa saini.

Kwa hiyo wahudumu wa afya wanaosema tupime kwanza wako sahihi. Mtu asiyelala anaweza kuwa na huzuni, anaweza kuwa na sonona, anaweza kuwa na zebaki. Picha haitoi sumu mwilini, na sonona kali inahitaji dawa na mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani lilipokusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya mwaka 2019, halikusema brashi ichukue nafasi ya kidonge. Lilisema sanaa husaidia kuzuia, kuambatana na matibabu, na kumshika mkono anayerejea. Mstari huo wa mwisho ndio unaosahaulika kwetu.

Kuta za hospitali

Kutoka Didia, mgonjwa wa akili akizidiwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mwawaza, au Bugando, Mwanza. Hali ikiwa ngumu zaidi, kuna Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927 na ambayo jina lake limegeuka tusi la watoto wa shule. Na kabla ya yote hayo, wengi huwa wamekwisha kupita kwa mganga.

Nchi hii ina mfano wa zamani wa kuwapa wagonjwa kitu cha kufanya kwa mikono yao. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo, leo chini ya Kanisa la Kilutheri, imejengwa juu ya kazi: chai, bustani, karakana. Mgonjwa huko hangoji tu saa ya dawa.

Ukija kwenye zahanati zetu nyingi, kuta zake zimechorwa pia, na wachoraji ni walewale wa baa. Tofauti ni kwamba ukuta wa zahanati huchorwa kumuonya mtu: nawa mikono, tumia chandarua, wahi kliniki. Ni ujumbe muhimu na siuombi ufutwe. Lakini inashangaza kwamba katika kijiji kizima mahali pekee palipomhurumia mchimbaji kwa kumchorea bahari ni pale panapomuuzia pombe.

Fedha za kugeuza hali hiyo si za kutafutwa mbali. Sheria inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na Geita mabilioni ya shilingi yamepita njia hiyo kujenga madarasa, vituo vya afya na masoko. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha mafundi wa mabango kinaweza kukopa humo. Atakayekaa mezani kupanga vipaumbele atauliza, kwa haki, kama tununue rangi ilhali dawa za sonona huisha stoo. Jibu langu ni kwamba chumba kimoja cha kuchorea pale zahanati, meza, makopo ya rangi na fundi wa mabango anayelipwa kwa siku mbili za wiki havifikii hata gharama ya uzinduzi wenye mahema na muziki.

> Mahali pekee palipomhurumia mchimbaji kwa kumchorea bahari ni pale panapomuuzia pombe.

Wasioketi mbele ya bahari

Hadi hapa tumezungumza kama vile kanda ya dhahabu ni ya wanaume. Wanawake nao wako mwaloni wakiosha mchanga, wako kwenye vifusi wakiokota mawe yaliyoachwa, wako jikoni kwa mama ntilie tangu saa kumi alfajiri. Wana mawazo yaleyale, na juu yake yale ya mume aliyetorokea rashi mpya ya dhahabu bila kuaga. Baa yenye minazi si yao, na mwanamke anayeketi pale peke yake jioni hupewa jina kabla hajaagiza.

Sanaa yao iko kwenye makochi. Ingia sebule yoyote ya kupanga Didia au Katoro, hata yenye kiti kimoja, utakuta vitambaa vilivyofumwa kwa sindano: maua ya waridi, tausi wawili wanaotazamana, nyota, herufi za majina ya watoto. Hakuna anayeviita tiba wala anayevihesabu kama sanaa za maonyesho. Hufumwa jioni, wakati maharage yako jikoni, mara nyingi wanawake watatu wanne kibarazani, mikono ikienda na midomo ikienda. Anayesikiliza atagundua kwamba hapo ndipo habari za vipigo, mimba na madeni hupita, zikisemwa kwa macho yaliyoelekezwa kwenye uzi. Ni rahisi kusema jambo zito usipolazimika kumtazama mtu usoni.

Kama Stenseng angetafuta kutoroka kwa aina ile ya pili, kibaraza hicho kingemtosha. Kina mwanzo, kina mwisho, na kitambaa kikikamilika kina pa kuwekwa. Wapangaji wa miradi ya afya ya akili hupita mbele yake wakielekea ukumbini kufungua warsha, na wanaofuma vitambaa hivyo hawakualikwa, kwa sababu fomu ya washiriki ilitaka vijana wenye vipaji vya sanaa.

Sokoni seti nzima ya vitambaa vya makochi huuzwa kwa bei inayorudisha hela ya uzi na kuongeza kidogo. Wengi hawaiuzi. Humpa bibi harusi, au aliyejifungua, au shoga anayehama kumfuata mumewe kwenye rashi nyingine, naye ataitandika kwenye kiti cha plastiki huko Mwakitolyo ndani ya turubai, kabla hata hajajua maji yanachotwa wapi.